Karatasi Tuliyoichoma

Hotuba iliyotolewa kwenye harambee ya mwaka ya wana Songwe waishio Dar es Salaam



Mwenyekiti aliponipigia simu kuniomba niseme maneno machache, nilidhani anataka nisome taarifa ya fedha kama kila mwaka. Akaniambia, "Hapana. Taarifa ataisoma Mweka Hazina. Wewe tueleze habari ya zile karatasi." Wengi wenu mmenisikia nikisumbua kwenye misiba na kwenye vikao, nikiuliza nani ana karatasi ya zamani nyumbani kwao. Basi leo nitaeleza nazitafutia nini, na nitaanza kwa kukiri kosa.

Mwaka 2008 tulimzika bibi yangu kule Mbozi. Baada ya matanga tulibaki wajukuu na baba zetu wadogo kusafisha nyumba. Juu ya kichanja, pale moshi wa jikoni unapopita, palikuwa na sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za kodi, vyeti vya ubatizo, noti moja ya rupia iliyochakaa, na karatasi moja kubwa iliyokunjwa mara nne, kingo zake zimechanika. Baba mdogo akaniuliza, "Wewe ndiye msomi wa mahesabu, hizi tuziweke wapi?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba hata ofisini nyaraka zina muda wake, ukipita zinateketezwa. Tukachukua noti ile kama kumbukumbu. Zilizobaki tukazitia motoni pamoja na magunzi ya mahindi, na maji ya kuoga ya siku ile yakachemka juu yake.

Ile karatasi kubwa niliijua. Nilipokuwa mtoto, kila likizo babu alikuwa akiitoa na kuniambia, "Nisomee." Yeye hakujua kusoma. Juu iliandikwa kwa herufi kubwa TANGAZO, na katikati palikuwa na neno wapagazi. Mengine yalikuwa yamefutika kwa moshi na mikunjo, nami mtoto nilikuwa nabuni ili nimalize haraka nikacheze. Babu alisikiliza yote, kisha anasema, "Haya, irudishe." Alinieleza mara moja tu karatasi ile ilitoka wapi. Ilibandikwa kwenye nyumba ya jumbe mwaka Waingereza walipoingia. Baba yake akachukuliwa kubeba mizigo kuelekea Iringa, na hakurudi. Mama yake alikwenda usiku akaibandua ile karatasi akaja nayo nyumbani. Alisema hana kaburi la mume wake, walau ana kilichomchukua.

Ndiyo karatasi niliyoichoma mimi, mwenye shahada ya uhasibu.

Ndugu zangu, nieleze kidogo historia yenyewe, maana vijana wetu wengi wanadhani Vita Kuu ya Kwanza ni habari ya Ulaya. Vita ile ilipita kwetu. Mpaka tunaouvuka leo Tunduma kwenda Nakonde kununua sukari ulikuwa mstari wa vita kati ya Mjerumani na Mwingereza. Septemba 1914 walipigana Karonga. Mwezi Desemba mwaka huohuo Wajerumani walishambulia Fife, ng'ambo ya Tunduma. Tarehe 25 Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka kuja upande wetu kwa safu nne: kutoka Karonga, kutoka Fort Hill ambayo leo ni Chitipa, kutoka Fife na kutoka Abercorn ambayo leo ni Mbala. Kabla mwezi haujaisha walikuwa wameshika Neu Langenburg, yaani Tukuyu, lililokuwa boma la Wajerumani la upande wetu. Agosti wakawa Iringa. Na vita ilipokaribia mwisho, Novemba 1918, von Lettow-Vorbeck alipita tena Fife na askari wake akielekea Kasama. Alisalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza.

Tangu 1916 mpaka 1920, nchi yetu haikuwa ya Mjerumani tena wala haijawa Tanganyika. Kwenye makaratasi ya serikali iliitwa nchi iliyokaliwa. Sasa mtawala mgeni akiingia nchi asiyoijua, watu hawamjui, anatawala kwa nini? Kwa bunduki, ndiyo, na kwa tangazo. Fedha ipi inapokelewa na ipi imekufa. Kodi inalipwa wapi. Nani anatakiwa kubeba mizigo. Nani haruhusiwi kutembea bila cheti. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na katika miaka ile mbiu ilipigwa kwa karatasi. Ilibandikwa bomani, kwenye nyumba ya jumbe, penye soko. Mtoto wa misheni aliyejua kusoma aliitwa awasomee wazee. Na kwa kuwa Wajerumani walikuwa wameshaendesha ofisi na shule zao kwa Kiswahili, hata Mwingereza alipokuja alikuta lugha ya kutangazia ipo tayari.

Lakini tangazo halikutengenezwa lidumu. Lilibandikwa ukutani, mvua ikalinyeshea, mchwa wakalila. Mtawala mpya akifika alibandua la mwenzake. Wavuta tumbaku nao walihitaji karatasi ya kusokotea. Ndiyo maana sarafu ya Mjerumani bado unaweza kuiona mikononi mwa watu, lakini tangazo la mwaka 1916 hulioni. Kitu kilichosomwa na kijiji kizima ndicho kilichopotea kwanza.

Wenzetu waliliona hilo mapema. Huko Ujerumani, maktaba ya vita ilianzishwa mwaka 1915, vita ikiwa bado mbichi. London walianzisha jumba lao la kumbukumbu za vita mwaka 1917, wakawa wanakusanya mabango na matangazo huku bado wanapigana. California, Marekani, Herbert Hoover alianza mkusanyo wake mwaka 1919. Leo mtafiti akitaka kujua mwananchi wa kawaida wa Ulaya alisoma nini ukutani mwaka 1916, anakwenda kwenye makabati hayo. Akitaka kujua mtu wa Mbozi alisoma nini ukutani, anakwenda wapi? Nyaraka zetu za taifa pale Dar es Salaam zina maelfu ya majalada ya wakati wa Mjerumani, na ni hazina kubwa. Lakini yale ni majalada ya ofisini, aliyoyaandika mtawala kwa ajili ya mtawala mwenzake. Karatasi iliyofika kwenye kibanda cha mwananchi ilibaki kwenye kibanda, na vibanda ni vyetu.

Najua kuna mtu hapo nyuma anajiuliza: hii harambee ni ya madawati na vyoo vya shule, karatasi kuukuu zimeingiaje? Swali ni halali. Nitalijibu kihasibu.

Katika kazi yangu kuna kanuni moja kuliko zote: bila hati hakuna malipo. Unaweza kuwa umefanya kazi kweli, umetoa jasho kweli, lakini mkaguzi akija akakuta hakuna stakabadhi, kwake jambo hilo halikutokea. Ni kanuni kali, lakini ndiyo inayoendesha dunia. Tazameni mifano mitatu.

Wa kwanza uko nyumbani. Kimondo cha Mbozi kimekaa pale Ndolezi miaka isiyohesabika. Wazee wetu walikijua. Lakini vitabu vinasema kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi mmoja kutoka Johannesburg aliyeitwa Nott. Yeye aliandika, sisi hatukuandika, na sifa ikaandikwa kwa jina lake.

Wa pili ni wa askari wa Mjerumani. Vita ilipokwisha walidai mishahara yao ya nyuma. Mwaka 1964, von Lettow akiwa ameshafariki mwaka huohuo, Bunge la Ujerumani Magharibi likakubali kuwalipa waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza. Wenye vyeti walivyopewa mwaka 1918 walikuwa wachache mno. Wengine walikuja na vipande vya sare zilizochanika, wengine mikono mitupu. Basi ofisa wa benki aliyeleta fedha akampa kila mmoja ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Husemwa kwamba hakuna aliyeshindwa. Watu hucheka wakisimulia kisa hiki. Mimi naona uchungu, mzee wa miaka sabini anaruka na ufagio mbele ya karani kwa sababu mchwa walikula cheti chake.

Wa tatu ndio ulionigusa mimi. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi walioandikwa katika vita ya Afrika Mashariki walikuwa takriban milioni moja. Waliokufa wanakadiriwa kufikia laki moja, wengi wao kwa kuhara damu, homa ya mapafu na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo tunakofanya biashara kulipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi hao. Majina yao mengi hayakuandikwa kwenye jiwe lolote. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilisema kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba majina yao yatafutwe.

Habari ile niliisoma kwenye simu, ofisini, siku za kufunga hesabu za mwezi. Niliweka kalamu chini. Nilikumbuka yale maji ya kuoga. Mtu akija leo Mbozi akaniuliza, "Una ushahidi gani kwamba babu wa baba yako alibeba mizigo?" nitampa nini? Nitampa hadithi. Nitaomba ufagio.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa pale nyuma, madawati tutanunua, na mimi nimeshaahidi yangu. Lakini watakaokalia madawati hayo ni watoto wanaosoma vita ile kana kwamba ilipiganwa na watu wa kwingine.

Sasa nieleze tunachotafuta, ili ukirudi nyumbani Desemba ujue cha kuangalia.

Kwanza kabisa ni matangazo yenyewe, hata kipande, hata kama maandishi yamefifia. Yawe ya Kijerumani, ya Kiingereza au ya Kiswahili, ya vita ya kwanza au ya pili. Msisahau vita ya pili. Mwaka 1939 Wajerumani waliokuwa na mashamba ya kahawa Mbozi waliondolewa, na mali zao zikawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. Vijana wetu waliingia KAR wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma. Yote hayo yalitangazwa kwa karatasi.

Pili, stakabadhi za kodi, vyeti vya askari na vya wapagazi, barua za misheni, vyeti vya njia. Ndugu zetu wa Nakonde na Chitipa nao waulizwe, maana mpaka uligawa ukoo mmoja. Kaka alikuwa raia wa Mjerumani, mdogo wake akawa tengatenga wa Mwingereza, na karatasi ya huyu huenda inakamilisha ya yule.

Tatu, fedha za karatasi. Wajerumani walipozingirwa na meli za Waingereza baharini, noti kutoka kwao hazikufika tena. Kuanzia 1915 wakachapa noti za muda hapa nchini, na mwishoni, mwaka 1917, wakazipiga kwa mihuri ya mpira porini. Karatasi ilikuwa adimu, wakachapa juu ya chochote kilichopatikana. Mwaka 1916 Tabora, kwenye karakana ya reli, walitengeneza hata sarafu za dhahabu ya Sekenke zenye picha ya tembo. Walioshika noti zile walibaki nazo mikononi Mjerumani alipoondoka. Ile noti moja ya kwetu iliyonusurika ni mshahara wa mtu ambao haukununua kitu.

Nne, bahasha. Tazama stempu kabla ya kutupa. Stempu za Nyasaland zilizopigwa chapa ya herufi N.F. mwaka 1916 zilikuwa za kikosi kilichoingia kwetu. Zile zenye G.E.A. ni za nchi iliyokaliwa, na ziliendelea mpaka 1922 zilipokuja zenye kichwa cha twiga.

Na hapa niseme jambo moja kwa vijana wetu. Tunduma na kwingineko kuna watu wanachimba usiku na mchana kutafuta mali iliyofukiwa na Mjerumani. Wapo walioibiwa fedha na matapeli, wapo walioangukiwa na udongo. Jamani, kama Mjerumani alituachia mali, iko kwenye kichanja cha bibi yako. Panda ukaangalie kabla hujashika sururu.

Ukiipata karatasi, tafadhali usiipeleke steshenari ikawekewe plastiki kwa mashine. Najua tunapenda, hata vyeti vya kipaimara tunaviwekea plastiki. Ule moto unaiharibu na plastiki haitoki tena. Usiibandike selotepu. Usiikunjue kwa nguvu kama imekauka. Iweke kwenye bahasha safi ya kaki, mahali pakavu, mbali na jiko. Ipige picha nje kivulini, bila flashi, mbele na nyuma, ukiweka rula pembeni ili ukubwa ujulikane. Kisha fanya jambo ambalo wengi hulisahau: keti na mzee wa nyumba hiyo, uandike karatasi ilitoka wapi, nani aliitunza, na nani anatajwa. Karatasi ya babu yangu bila maneno ya babu yangu ingekuwa tangazo tu. Maneno yake ndiyo yaliyoifanya kuwa kaburi.

Wapo watakaokuja kununua. Siwezi kumkataza mtu kuuza mali yake, maana ada za shule tunazijua. Ninachoomba ni kwamba isiuzwe kabla hatujaipiga nakala.

Na mpango wetu ni huu, haumnyang'anyi mtu chochote. Kwenye jengo la maktaba ambalo Umoja wetu umeshaanza kulijenga, tunaomba kabati moja la chuma lenye kufuli, mashine moja ya kunakilisha, na kijana mmoja mwenye pikipiki wakati wa likizo atakayepita kata kwa kata. Karatasi ikija inaandikwa kwenye daftari: namba, tarehe, jina la mwenyewe, ilikopatikana, hali yake, na saini mbili. Inanakiliwa mbele ya mwenyewe na anarudi nayo nyumbani siku hiyohiyo. Asiye na mahali salama pa kuitunza atatuachia kwa hati, na akiitaka anarudishiwa. Nakala moja itabaki maktaba, nyingine tutaipeleka kwenye Nyaraka za Taifa. Makadirio ya gharama yako ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Nimeyapitia mwenyewe, na yatakaguliwa kama fedha nyingine zote za Umoja.

Wazee wetu mliopo hapa, wenye miaka themanini na tisini, ninyi ndio mliosikia kwa masikio yenu kutoka kwa waliobeba mizigo. Baada yenu hakuna mwingine. Nawaomba sana, tukija na kalamu msituambie "hayo ni mambo ya zamani." Na ninyi wa umri wangu, mnaosafisha nyumba za wazazi baada ya msiba, msifanye haraka kama nilivyofanya mimi. Chukueni siku moja zaidi.

Daftari tayari nimelinunua. Ni leja ya kawaida, ya jalada gumu. Kwa taratibu za kazi yangu, hasara nayo huandikwa, haifichwi. Kwa hiyo nimejaza mstari wa kwanza kwa mkono wangu. Namba 1: Tangazo la wapagazi, Mbozi, mwaka 1916. Lilitunzwa na mke wa mpagazi, kisha mwanawe, kisha mke wa mwanawe. Hali: limechomwa, 2008. Mhusika: mimi. Na pembeni nimeandika jina la yule asiyerudi, ili walau liwe mahali fulani kwa wino.

Mstari wa pili uko wazi. Naomba uwe wako.